Santuri ya Mama Rogathe na Mtani wa Kwenye Simu

Eliakunda Mrutu, ambaye hapa Nangara tunamwita Mama Rogathe, ni Mpare wa Usangi aliyeolewa akaletwa Babati kabla barabara haijatiwa lami. Mimi ndiye niliyempokea, maana mumewe Sadock alikuwa amepanga chumba nyuma ya kwetu, na jioni ile nilimpelekea makaa ya moto na maziwa. Tangu hapo hatujamaliza wiki bila kugombana, wala hatujagombana tukalala na hasira. Kwa hiyo haya ninayoyaandika nayajua. Mengi niliyaona, na machache alinisimulia mwenyewe, naye si mtu wa kuongeza chumvi.

Sadock alikuwa fundi redio. Enzi hizo redio ilikuwa mali, na mtu asiye na fedha ya kumlipa fundi alileta kuku, au debe la mahindi, au santuri. Santuri Sadock hakuikataa hata mara moja. Walileta walimu, walileta Wahindi waliokuwa wanahama, walileta wafanyakazi wa mashamba makubwa. Alizifuta kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, akazisimamisha kwenye makasha kama vitabu, maana santuri ikilaliwa na nyingine hupinda. Alipofariki alimwachia mkewe nyumba, watoto waliokwisha kukua, na makasha hayo. Kuna watu wa kanisani walimshauri azitupe kwa kuwa ni mambo ya dansi. Akawajibu kwamba atakayezitupa atangulie kumtupa yeye.

Anaishi kwa duka dogo pale Bagara. Anauza nyuzi, zipu, vifungo, lastiki na sindano za cherehani. Ubavuni mwa duka lake yuko Hamdani, mtu mzima mwenye wajukuu, anatengeneza simu na ni wakala wa kutuma na kutoa hela. Hamdani ndiye aliyemwambia kwamba siku hizi kuna watu wanazitafuta santuri za zamani kama watu wanaotafuta madini, wako Dar, wako Nairobi, wako hadi Ulaya. Eliakunda alidhani anachezewa. Hamdani akamwingiza kwenye kundi la WhatsApp la wapenda santuri, ambalo msimamizi wake ni mzee mmoja wa Tanga aitwaye Shomari.

Mwingine angeingia na kuanza kuuza siku hiyo hiyo. Eliakunda alikaa kimya msimu mzima akisoma tu. Mimi nilidhani mnunuzi ndiye huibiwa kwenye mambo ya simu, kumbe mle ndani waliokuwa wanalia zaidi ni wauzaji. Mmoja alitumiwa meseji ya uongo kuwa hela imeingia, akaachia mzigo, na hela haikuingia mpaka leo. Mwingine mzigo wake ulifika salama, mnunuzi akadai ni mbovu, akamrudishia santuri nyingine, kuukuu, yenye jina lile lile, akabaki na ile nzuri na hela yake akarudishiwa. Huo wa pili ndio wizi uliomnyima Eliakunda usingizi. Alisema mwizi wa kuvunja mlango angalau unaona mlango umevunjika.

Alipoanza kuuza akawa na utaratibu wake. Meseji ya hela haiamini, iwe na jina la nani. Anafungua mwenyewe salio, analisoma, ndipo anasimama. Kisha Hamdani anashika simu na kuwasha video. Eliakunda anaonyesha lebo ya santuri pande zote mbili, anaigeuza kwenye mwanga ili mikwaruzo ionekane kama ipo, anaweka sindano na kuiacha ipige mpaka mwisho. Anaitoa, anaibana katikati ya makadi mawili magumu, anafunga, anabandika, anaandika jina, anaubeba mzigo mkononi hadi ofisi ya basi, mpaka karani anampa risiti. Video haizimwi hata kidogo, kwa sababu ikikatika, mnunuzi atasema hapo ilipokatika ndipo santuri ilipobadilishwa. Mara ya kwanza Hamdani alipomfuata nyuma na simu, wapiga debe wa stendi waliuliza kama anasindikizwa bibi harusi. Eliakunda akawaambia ndiyo, na mahari imeshalipwa.

Akajijengea jina. Wakawa wanamwita Mama Santuri wa Babati, na mtu mgeni kwenye kundi akiuliza anunue kwa nani bila wasiwasi, watu wanamtaja yeye. Jina hilo ndilo lililokuwa akiba ya uzee wake, maana makasha bado yalikuwa yamejaa, na faida ya duka la zipu unaijua.

Sasa, asiyejua ajue kwamba Wapare na Wachaga ni watani wa tangu zamani. Mchaga atamwambia Mpare kwamba atauza ng'ombe apate nauli ya kwenda kwenye kesi ya kuku. Mpare atamwambia Mchaga kwamba akisikia sarafu imedondoka kaburini atafufuka. Ndivyo walivyo, misibani na harusini, na sheria yake ni moja: ukitaniwa ukanuna, umeshindwa.

Hapo ndipo Xavery alipopitia. Alijitambulisha kuwa ni Mchaga wa Kibosho anayeishi Arusha, na alikuwa anaitaka santuri moja ambayo Sadock hakuwahi kumruhusu mtu mwingine aiguse, ya bendi moja ya Moshi iliyokwisha kusambaratika zamani. Alianza na shikamoo, na baada ya kuitikiwa akaanza utani.

"Mpare, hiyo santuri umeifukia wapi, chini ya kitanda pamoja na hela?"

"Mchaga, hata hiyo shikamoo nasikia unaidai riba," Eliakunda akamjibu.

Wakaendelea hivyo kwa siku kadhaa. Eliakunda alikuwa akisoma meseji zile dukani kwa sauti, wateja wa vifungo wanacheka, na yeye anacheka mpaka anavua miwani. Sikuwa nimemwona hivyo tangu Sadock aondoke. Xavery akaomba kuusikia wimbo wenyewe, ukarekodiwa wote kwa simu, akatumiwa. Akalipa. Eliakunda alifungua salio akaikuta hela, ya kweli kabisa.

Ilipofika saa ya kufunga mzigo, na Hamdani ameshashika simu, meseji ikaingia: "Mama, nasikia wewe unapiga video mpaka stendi. Yaani kuku sijamla bado, kesi umeshafungua?"

Eliakunda alicheka sana. Kisha akamwambia Hamdani azime simu.

Nilikuwa nimekaa pale kwenye benchi. Nikamwambia apige tu video, huyo ataonea wapi? Akanijibu, "Nikipiga, atakuwa amenishinda." Hamdani ni Mrangi, na mimi watani wangu ni wengine, hatukuwa na la kumwambia likaingia. Akaifunga santuri kwa uangalifu ule ule, akaipeleka mwenyewe, akarudi na risiti. Video hakuna.

Mzigo ulipofika Arusha, Xavery aliandika bila shikamoo wala utani. Alisema santuri ni mbovu, imekwaruzwa, ameuziwa takataka. Akatuma video, sindano inaruka ruka kama mbuzi kwenye mawe. Alitaka hela yake irudishwe siku hiyo hiyo, la sivyo angemwanika kwenye kundi kwamba Mama Santuri wa Babati ni tapeli.

Eliakunda aliiangalia ile video mara nyingi. Alijua si santuri yake. Lakini kujua ni kitu kimoja, na kuwaonyesha watu ni kingine. Hamdani akakumbuka ule wimbo aliotumiwa Xavery kwa simu, uko mzima, hauruki popote, akasema huo si ushahidi? Eliakunda akatikisa kichwa. Alisema wimbo ule unaonyesha kwamba alikuwa nayo nzima. Hauonyeshi alichokifunga kwenye kadi.

Kilichomuuma zaidi ya hela ni kwamba angeitwa tapeli juu ya kitu cha Sadock. Akaona afadhali alipe yaishe. Akampa Hamdani namba ya Xavery, akamwambia atume.

Hamdani hakutuma. Aliweka simu juu ya meza, akamwuliza, "Mama Rogathe, mtu akija hapa dukani akasema zipu uliyomuuzia ni mbovu, unampa hela kwanza au unaitaka zipu?"

"Naitaka zipu."

"Basi itake zipu."

Eliakunda akaichukua simu yake, na kabla Xavery hajaandika lolote kwenye kundi, akaandika yeye. Hakujipamba. Alieleza kwamba safari hii hakupiga video kwa sababu mnunuzi alimtania na yeye akaona aibu, na kwamba kosa hilo ni lake. Kisha akasema santuri irudishwe kwa basi, nauli ya mzigo juu yake, itafunguliwa mbele ya karani wa basi na video ikiwa inaendelea. Ikiwa ni ile ile iliyo kwenye picha za tangazo lake, na inaruka, Xavery atapata hela yake palepale ofisini.

Xavery akaja juu, hela kwanza ndipo arudishe. Wengine kwenye kundi wakaanza kumuunga mkono, wanasema bibi anakwepa. Nilimwona Eliakunda akisoma majina yao mmoja mmoja, watu aliowauzia vizuri. Shomari wa Tanga ndiye aliyekata shauri. Alisema yeye hawajui ndani wote wawili, ila anayedai amepewa kitu kibovu halafu hataki kukirudisha, basi kitu hicho anakipenda. Xavery akabaki hana pa kupita. Akautuma mzigo.

Tulikwenda ofisini watatu. Hamdani alipiga video tangu karani anautoa mzigo kwenye rafu. Mimi nilishika simu ya Eliakunda yenye picha za tangazo, zile alizoweka kwenye kundi siku ya kwanza, ambazo kila mtu anazo. Karani akakata gundi, akafungua kadi, akaitoa. Kwenye picha, lebo ya santuri ilikuwa na muhuri wa duara wa duka fulani la zamani, wino wa zambarau, umekaa nusu juu ya jina la bendi. Hii iliyotoka kwenye mzigo haikuwa na muhuri upande wowote, na karatasi yake ilikuwa imechanika kuzunguka tundu la katikati. Sindano haikuhitajika tena.

"Hata mimi nisiyejua dansi naona," alisema karani.

Eliakunda aliletewa daftari la kupokelea mzigo asaini. Akakataa. Mimi nilimshauri aichukue tu, hata mbovu ni kitu. Akasema si yake, na cha mtu hakikai kwenye kasha la Sadock. Karani akaiandikia irudi Arusha kwa aliyeituma.

Video ilipowekwa kwenye kundi, wale wale waliosema bibi anakwepa wakaanza kuomba radhi kwa maneno marefu. Shomari akamtaka Xavery ajieleze. Hakujieleza kule. Alimwandikia Eliakunda peke yake.

"Mtani, mbona umenuna? Ulikuwa utani tu. Nilitaka kumwona Mpare akifungua kesi."

Alinisomea kwa sauti ya chini. Nilimwona uso wake, na nilielewa kwamba amebanwa tena pale pale alipobanwa mara ya kwanza. Akinuna, kwa sheria ya kwao, ameshindwa. Akicheka, amekubali kwamba kuibiwa ni mchezo. Alifunga duka nusu mlango, akakaa, akaandika polepole kwa kidole kimoja kama anavyoandika siku zote.

"Mtani hujulikana kwao. Wewe ni wa ukoo gani, na hapo Kibosho kwenu ni wapi?"

Alama zikageuka buluu. Akangoja. Xavery alianza kuandika, tukaliona neno lile kwamba anaandika, likatoka. Likaja tena, likatoka. Jibu halikuja. Jioni tukajua kwamba ameondoka kwenye kundi kabla Shomari hajamtoa. Kama ni Mchaga au si Mchaga sijui mpaka leo, na huenda hata jina si lake. Anachojua mtu mzima ni kwamba Mchaga ukimwuliza ukoo wake hakupi nafasi ya kunywa chai, atakutajia mpaka mfereji unaopita shambani kwao.

Santuri ya Sadock imebaki huko, na kwa haki ni ya yule mtu, maana aliilipia. Eliakunda hakuizungumzia zaidi ya mara moja. Alisema kilichomuuma ni kwamba ule utani ulikuwa mtamu.

Baadaye mwanamke mmoja wa Machame, muuguzi, alitaka santuri mbili. Kabla ya bei akataja ukoo wake bila kuulizwa, kisha akamtukania Eliakunda Upare wake kuanzia milima hadi makande. Eliakunda akamrudishia yote na nyongeza. Mchana kutwa hakuna aliyeuziwa zipu pale dukani. Hela ikaingia, akalisoma salio, akamwita Hamdani. Yule mama alipoambiwa kwamba mzigo unapigwa video, naye akauliza kama ni kesi ya kuku.

"Mchaga, sasa nyamaza kidogo," Eliakunda akamjibu kwa ujumbe wa sauti, mimi nasikia. "Nawasha video. Mzigo ukikufikia, tutaendelea tulipoishia."

Wakaendelea. Siku mzigo ulipofika nilimsikia akicheka nikiwa bado kwenye kona ya Hamdani, nikajua hata uzi nilioufuata sitaupata upesi.