Mimi Sikuwa Mucheza Kachi

Nitasema tena, na nitasema mpaka koo linikauke: mimi sikuwa mucheza kachi. Nilicheza rigbi, ile ya watu kumi na watatu, miaka kenda huko Ufaransa, na timu ndiyo ilinilisha. Mupira tunaubeba mukononi, tunaurusha nyuma, tunaangushana, tunasimama. Basi. Si kama kachi, ile mieleka ya uchawi ya hapa kwetu: hakuna ngoma, hakuna kinyago, hakuna mutu wa kumupulizia mwenzake unga mpaka aanguke bila kuguswa. Lakini hapa Bunia, nenda ueleze! Waliona masikio yangu yaliyovimba na pua iliyopinda, wakaamua: huyu ni mucheza kachi, na mucheza kachi bila fetishi, zile dawa za uchawi, hayuko.

Nilizoea. Kwenye soko la Nyakasanza mama mumoja aliniwekea sombe, yale majani ya muhogo, juu ya meza, asiguse mukono wangu, na mimi nilicheka tu. Ila mwaka huu mutoto wa dada yangu alitaka kuolewa. Baba yake alibaki kijijini Bule, chini ya udongo. Yeye na mama yake walikimbia vita na mikeka tu. Mimi, noko wake, mujomba, ndiye nilibaki wa kumushika mukono na kumupeleka mbele ya kanisa. Alikuja mwenyewe kuniomba, akapiga magoti. Mungu wangu, nililia.

Zilibaki siku tatu tu, pasta akatuita ofisini, mimi na mutoto.

"Papa," akasema, kwa sauti ile ya upole inayoudhi kuliko matusi, "siye hatukatae. Lakini utubu kwanza. Useme ni dawa gani ulitumia, na munganga gani alikupa. Bila ile, hautapeleka bibi-arusi."

Jamani! Nilisimama, kiti kikaanguka. Nilimwambia nilibatizwa mu kanisa hili hili yeye akiwa hajazaliwa. Nilimwambia dawa yangu ilikuwa kukimbia asubuhi mu baridi ambayo yeye ingemuua.

"Hakuna munganga alinigusa, pasta! Unasikia? Hakuna!"

Mutoto alikuwa amekaa karibu na mulango, mikono juu ya mapaja. Hakunitetea, hakunishitaki. Aliuliza tu, polepole:

"Noko, na goti yako?"

Mimi mwenyewe ndiye nilikuwa nimemusimulia. Miaka ile ya mwisho, kila siku ya mechi, munganga wa timu, muzungu mwenye bluzi nyeupe ya daktari, alinipiga sindano mu goti kabla sijaingia uwanjani. Sikuuliza ndani yake muko nini. Maumivu yalikimbia, na mimi nilikimbia, juu ya mufupa uliopasuka, na watu walipiga makofi. Goti lilipokufa, timu iliniaga kwa karatasi moja. Leo ngazi nashuka kwa makalio.

"Dawa ilikuwako," nikasema. "Na munganga alikuwako."

Pasta akaitikia kwa kichwa kama mutu aliyeshinda kesi. Akauliza kama munganga yule bado yuko hai, tumuombee.

Hapo ndipo hasira ya kweli ilinipanda, na haikuwa ya pasta. Miaka yote hii nilikuwa nagombana na Bunia nzima juu ya fetishi ambazo sikuwa nazo, na yule mwenye bluzi nyeupe sikumwambia hata neno moja baya. Nilimwambia asante! Kila mechi nilimushika mukono, nikamwambia asante!

Pasta alinipakaa mafuta kwenye goti, nikamuachia, akasema sasa naweza kupeleka bibi-arusi.

Siku ya ndoa nilimushika mutoto mukono, tukaingia. Katikati ya kanisa goti likakataa. Nikayumba.

"Uniegemee, noko," akasema chini-chini, na akanibeba nusu mpaka mbele, na gauni lake lile jeupe.

Nyuma yetu wamama wakaanza kunong'onezana: mumuone, dawa iko inamutoka. Nilisikia vizuri sana, na kwa mara ya kwanza sikubishana nao.