Ugonjwa Usiotajwa Mbele ya Kaka

Kalolaine alikaa karibu na mlango popote alipokuwa. Hata kwenye harusi ya mwanawe wa kwanza, pale ambapo mama wa bwana harusi hutakiwa kukaa mbele aonekane, yeye alijibanza pembeni, mguu mmoja ndani na mwingine nje. Wageni kutoka visiwa vingine walimsifu kwa unyenyekevu. Aliwaacha wasifu. Choo kilikuwa upande ule.

Kwenye ukumbi wa wasukaji hakukuwa na wa kumsifu. Mkeka mkubwa wa Tonga husukwa na wanawake wengi bega kwa bega, kila mmoja na kipande chake, na anayeinuka huwalegezea wenzake majani. Kalolaine aliinuka, akarudi, akaketi, na kabla hajanyoosha mgongo aliinuka tena.

"Haya, huyoo anakwenda!" Fehi'a alipaza sauti. Fehi'a alikuwa jirani yake tangu utotoni na hakujua kunyamaza. "Kalolaine, una bwana huko nyuma? Mwambie aje atusaidie kusuka!"

"Ana wivu. Hataki nikae mbali naye."

Walicheka mpaka wengine wakafuta machozi. Nyuma ya ukumbi, Kalolaine aliegemea ukuta na kuuma kitambaa. Yalitoka matone machache tu, yakimwunguza kama maji ya pilipili, na siku nyingine yalikuwa mekundu. Akanawa, akaweka uso wa tabasamu, akarudi kwenye kipande chake.

Ugonjwa ulimwanza alipomzaa Lavinia, kitinda mimba wake. Mtoto alikuwa mkubwa, uchungu ulikuwa mrefu, na tangu hapo kibofu hakikurudi kuwa chake. Mara mkojo ulimkataa, mara ulimponyoka akiinama kuchochea moto. Homa zilikuja na kuondoka. Maumivu ya kiuno hayakuondoka.

Zahanati ilikuwa karibu, na tabibu wake alikuwa hodari. Watu wa kisiwa walimpenda, maana hata mvua kubwa haikumzuia kwenda kwa mgonjwa. Jina lake lilikuwa Semisi, na hapo ndipo Kalolaine alipokwama. Semisi alikuwa mtoto wa baba yake mdogo, na kwao mtoto wa baba mdogo ni kaka, hana jina lingine. Kaka akishaanza kubalehe hulala nyumba nyingine. Haketi mkeka mmoja na dada yake wala hatazami naye filamu moja. Mbele yake hakutajwi kitanda, wala damu ya mwanamke, wala choo. Mtu akianza mzaha mchafu, akaambiwa kwamba kaka wa fulani yupo, baraza zima hunyamaza na aliyeanza huomba radhi.

"Tumbo," Kalolaine alisema siku ya kwanza alipokwenda, macho chini.

"La juu au la chini, dada?"

"Tumbo tu."

Semisi naye hakuuliza zaidi. Alimpa dawa za tumbo kwa mikono miwili, kama mtu anayetoa zawadi. Kalolaine alizimeza. Zilipokwisha alipewa nyingine, na ikawa hivyo mwaka baada ya mwaka. Aliporudi nyumbani aliomba, "Bwana, wewe unaujua ugonjwa huu bila mimi kuutaja. Niponye wewe, maana mimi sina mdomo."

Mumewe, Fonua, aliona nguo zinazofuliwa kila asubuhi. "Mwambie basi. Mtu ni tabibu."

"Ni kaka yangu kabla hajawa tabibu."

"Basi niende mimi."

"Ukaseme nini? Ukae mbele ya kaka yangu uanze kutaja mwili wangu? Nenda. Ukirudi utakuta nimeshahamia kwa mama yangu."

Fonua alichukua jembe akaenda kwenye viazi vikuu vyake. Alijua asingeweza kuyasema.

Kisha zikaja habari kwamba meli ya madaktari wa ng'ambo ingetia nanga, na kati yao alikuwamo mwanamke. Kalolaine alifurahi kama msichana. Alisali, akafunga, akapaka nywele mafuta ya nazi, akajifunga kiunoni mkeka wake mzuri, vazi la heshima la kwao. Njiani alijifunza maneno kimoyomoyo: mkojo, damu, maumivu. Mwanamke kwa mwanamke, angeyasema yote.

Alipoingia, daktari alikuwa pale, mzungu mwenye uso mwema na mikono yenye madoa ya jua. Kando yake, juu ya kigoda, aliketi Semisi. Ndiye aliyejua Kiingereza. Ndiye mkalimani.

Daktari aliuliza. Semisi aligeuza uso akatazama ukuta, na shingo yake ikajaa jasho.

"Anauliza, dada, kama... kama unakwenda vizuri."

"Nakwenda vizuri."

Daktari aliuliza tena, safari hii akigusa tumbo lake mwenyewe chini ya kitovu, akamwonyesha Kalolaine kwa kidole. Kidole kilikuwa mahali penyewe. Kalolaine alikitazama kile kidole mpaka macho yakamwuma.

"Anauliza kama chakula kinakaa," Semisi alisema polepole.

"Mwambie kinakaa. Mwambie asante kwa kuja mbali hivi."

Akatoka na vidonge vya tumbo. Hakufika nyumbani mkavu. Aliingia baharini na nguo zake zote, na waliokuwa ufukweni wakadhani anavua kome.

Sikukuu ya mkutano mkuu wa kanisa ndiyo iliyommaliza. Alikuwa akiimba sauti ya pili, na kwaya nzima ilivaa nyeupe. Wimbo ulikuwa mrefu, na katikati yake maji ya moto yakamshuka mpaka kwenye viatu. Hakuacha kuimba. Watu walipotoka yeye alibaki amesimama mahali pale, akijifanya anasali, mpaka ukumbi ulipobaki mtupu. Jumapili iliyofuata hakwenda, wala nyingine.

Mchungaji alimfuata. "Mama, naona umepoa."

"Nimepoa, mchungaji."

"Shetani asikudanganye."

"Hapana, mchungaji." Akamkaribisha chai, akakaa mbali naye ili asimnukie.

Lavinia aliporudi kutoka shule ya sekondari huko Nuku'alofa, mji mkuu, alikuta vitambaa vimeanikwa nyuma ya jiko, vimefichwa kwa majani ya ndizi. Alimbana mama yake mpaka akamwambia. Lavinia akalia, halafu akasema, "Naenda kwa mjomba sasa hivi." Yeye angeweza. Kwao mtoto wa dada ni mkubwa kwa mjomba wake; huchukua anachotaka, husema anachotaka, na mjomba huinamisha kichwa.

Kalolaine alimshika mkono. "Ukimwambia atajua kwamba siku zote nilikaa mbele yake na jambo hili mwilini. Hataweza kunitazama tena. Niapie."

Lavinia aliapa. Badala yake walipanda meli kwenda hospitali kubwa, na njia nzima Kalolaine hakutoka kwenye choo cha meli. Abiria waligonga wakitukana, "We bibi, umeolewa humo?"

Hospitalini walikaa kwenye benchi tangu alfajiri. Choo kilikuwa mwisho wa jengo jingine. Alikwenda na kurudi akishikiliwa na Lavinia.

"Kalolaine ameitwa," mwanamke wa dirishani alisema waliporudi. "Hakuwepo."

"Alikuwa chooni, dada. Huo ndio ugonjwa wenyewe."

"Kila mtu ana choo. Rudini nyuma ya foleni."

Wakarudi nyuma. Akaitwa tena, na tena alikuwa chooni. Siku ya pili Lavinia alibaki kwenye benchi peke yake ili ajibu, wakamwambia hawatibu binti kwa niaba ya mama. Walipomwona daktari hatimaye, alikuwa kijana Mtonga mwenye haraka, na alikuwa amesoma faili lililotoka zahanati kabla hawajaketi.

"Tumbo."

"Siyo tumbo," Lavinia alisema. "Ni mkojo. Tangu aliponizaa."

"Miaka yote hii mmesema tumbo. Leo ni mkojo?" Alimgeukia Kalolaine. "Mama, mbona hukusema?"

Kalolaine alifungua mdomo. Angeanzia wapi? Na huyu pia alikuwa mtoto wa kiume, umri wa wanawe. Akasema, "Nilisahau."

Daktari akacheka kidogo. Alipima mkojo, akasema ni msafi, anywe maji mengi. Mashine ya kuangalia ndani ilikuwa imeharibika, na mtaalamu angekuja kutoka Nyuzilandi baadaye, wangearifiwa. Hawakuarifiwa. Kalolaine alikunywa maji mengi kama alivyoagizwa, na kila kikombe kilikuwa adhabu.

Walipompeleka mara ya mwisho alikuwa amevimba uso na miguu, hata pete haikutoka kidoleni. Daktari mwingine, mtu mzima, alimchunguza mwili mzima. Kisha akamwita Lavinia nje. Mkojo ulikuwa ukirudi kwenye figo kwa miaka mingi, alisema, na figo zimekufa. Kungekuwa na la kufanya zamani. Sasa ampeleke nyumbani.

Ndani ya meli Kalolaine alisema tu, "Sijapata kusuka mkeka wangu wa kuzikiwa." Fehi'a na wenzake waliusuka wakikesha zamu kwa zamu, na hakuna aliyefanya mzaha.

Kwenye mazishi, ndugu wa kiume wa marehemu huwa wa chini kabisa. Hawaingii alipolazwa. Semisi alikuwa nyuma ya nyumba kwenye tanuri la kuchimbwa ardhini, amejifunga, kuanzia magotini mpaka kifuani, mkeka mkubwa uliochanika wa maombolezo, anapanga mawe ya moto. Lavinia alimpelekea maji. Alikuwa bado na kile kiapo kinywani, hajui kama mauti yamekifuta.

Semisi hakupokea kikombe. "Nilijua," alisema.

"Tangu lini, mjomba?"

"Tangu ile siku ya daktari mwanamke. Labda kabla." Mikono yake ilikuwa na malengelenge na hakuyajali. "Niliomba wakubwa wa kazi wanihamishe, aletwe nesi mwanamke. Niliomba kila mwaka. Waliuliza sababu. Ningewaandikia nini, kwamba dada yangu...? Nikasema miguu inaniuma. Wakanijibu kuwa dawa ya miguu iko zahanatini kwangu."

Akapiga magoti mbele yake kwenye majivu. "Wewe ni mkubwa kwangu. Nitukane. Nipige, mpwa wangu. Ni haki yako."

Lavinia alitafuta tusi hakulipata. Ndani kwaya ilikuwa imeanza kuimba, na sauti ya pili ilikuwa nyembamba. Aliweka kikombe chini karibu na magoti ya mjomba, akaokota jani la ndizi, akaanza kumsaidia kufunika muhogo kabla mawe hayajapoa. Alimwomba Mungu neno moja la kumwambia mjomba wake. Mpaka tanuri lilipofunikwa udongo, hakuwa amepewa.