Nani Apande Kwanza

Niliondoka nyumbani Mombasa kwa sababu riwaya yangu ilikuwa imekwama. Mimi na rafiki yangu Okelo, tulipokuwa chuoni Nairobi, tulikibuni pamoja kijiji kizima: shamba moja, ghala moja, hakuna mkubwa wala mdogo, na mgonjwa hapikiwi na mtu mmoja bali na wote. Baada ya uhuru mimi nilirudi pwani kukiandika, naye akaenda kukijenga kusini ya mto Migori, pamoja na familia saba za Wajaluo na Wakuria. Kijiji changu kilisimama kwenye sura ya tatu, watu wake wakitabasamu tu. Chake, kwa barua aliyoniandikia, kilikuwa karibu kuvunjika. "Mvua imenyesha wiki mbili," aliandika, "na hakuna aliyetia mbegu. Njoo. Pitia Rodi Kopany, uniletee mama."

Asubuhi ya siku ya tatu, baada ya gari moshi, nilipanda meli Kisumu. Ziwa lilikuwa tulivu, la rangi ya chai ya maziwa karibu na ufuo, kisha likageuka buluu. Abiria walishuka Kendu na kuku wao, wengine wakapanda na kuku wengine. Homa Bay ilitupokea kwa harufu ya omena, dagaa wa huku, walioanikwa hadi ukingoni mwa barabara. Nilivuta pumzi nikajiona nimefika mahali ambapo watu wana kazi.

Rodi Kopany, saa tisa alasiri. Mama yake Okelo, ambaye wote humwita Min Okelo, alikuwa uani akipepeta mtama. Shamba lake mwenyewe lilikwisha kuota.

"Mama, Okelo anakuomba uje."

"Okelo gani? Yule ya kijiji haina wakubwa?" Hakuinua macho. "Alinionyesha ile karatasi. Nyumba yote imechorwa, choo imechorwa, hata mti imechorwa. Nikamuuliza, na mimi nimechorwa wapi?"

Nikamweleza shida. Huku mke hatii mbegu ardhini kabla ya mama wa boma kutia zake. Akitangulia, huhofiwa kwamba ataleta msiba. Familia saba zilitoka maboma saba, na katika kijiji kipya hakuna mama wa boma. Kwa hiyo kila mke alisimama na jembe lake akimngoja mwenzake. Familia mbili zilikuwa zimeanza kufunga mizigo, na mvua haingoji mkutano.

Ungo ulitulia mikononi mwake.

"Kumbe sasa wakubwa wanatakikana," alisema. Akajaza kibuyu mtama mwekundu, akakiziba kwa gunzi. "Nitaenda. Lakini nakaa mbele."

Kesho yake alikaa kwenye lori, mbele kando ya dereva, kibuyu mapajani, mimi nikiwa nyuma juu ya magunia. Tulipofika Rongo, dereva aliposimama kunywa chai, Min Okelo alitoa kichwa dirishani.

"Wewe, mtu ya vitabu. Huko kwa kitabu yako, nani anapanda kwanza?"

Katika kurasa tisini watu wangu walikuwa wamevuna mara mbili, na hakuna aliyewahi kupanda.

Tulivuka Migori adhuhuri. Shamba la pamoja lilikuwa limelimwa vizuri ajabu, jeusi, pana, na magugu yakianza kulitia ukijani. Okelo alikuja mbio, matope hadi magotini.

"Umekonda," mama yake alisema. "Usawa haishibishi?"

Watu walicheka, na kwa dakika moja niliamini yamekwisha. Ndipo akatoka bibi Mkuria mwenye mvi tupu, Nyanya Bhoke, aliyeletwa jana na familia za Wakuria kwa kazi hiyohiyo, na ungo wake wa mtama mweupe. Alimtazama mgeni toka kichwani hadi miguuni.

"Huyu apande mbele yangu? Huyu ni mtoto."

"Mtoto! Mimi nazaliwa wakati ya nzige."

"Nzige gani? Nzige ilikuja mara mingi. Mimi nilikuwa nimeolewa."

"Ulioleka ukiwa na miaka ngapi, mbili?"

Okelo akapaza sauti: "Ndugu zangu, kwa kanuni tulizokubaliana..."

"Nyamaza!" walisema wote wawili kwa pamoja, kisha wakatazamana.

Nyanya Bhoke ndiye aliyecheka kwanza. Min Okelo akazibua kibuyu. Akamimina mtama wake mwekundu juu ya ule mweupe, akauchanganya kwa mkono wake wote.

"Sasa kila shimo iko na mimi na wewe," alisema. "Chagua yangu, kama utaweza."

Wakainama pamoja, bega kwa bega, kila mmoja akichungulia mkono wa mwenzake. Mimi nilikuwa nimesimama karibu kuliko wote, na kila nikiulizwa vidole vya nani viligusa udongo kwanza, hujibu kwamba sikuona. Nyuma yao wake wote waliingia shambani na majembe. Waliokuwa wamefunga mizigo waliifungua kutafuta mbegu.

Nilikaa siku nne, nikapanda mistari iliyopinda hadi wakaniomba nichote maji tu. Min Okelo alikataa kurudi nami. Nani angefukuza ndege? Akamtaka mwanawe alete ile karatasi. Okelo akachukua penseli.

"Hapa, mama?"

"Hapo ni choo."

Niliwaacha wakibishana kwa furaha. Melini, Homa Bay ikididimia nyuma yetu, nilifungua daftari nikakata maneno niliyoyapenda kuliko yote: hapakuwa na mkubwa wala mdogo. Kijiji chetu bado nakitaka, na sasa nakitaka zaidi, kwa kuwa nimekanyaga udongo wake. Nikaanza upya, na sentensi ya kwanza ilikuja yenyewe: "Siku ya kupanda, wanawake wawili waligombana."