Barua ya Taa Niliyoificha Chini ya Kanga Zangu

Bwana Mhariri, nashukuru kwamba ukurasa wako huficha majina, maana langu nalionea haya. Nina miaka ishirini, nimesoma mpaka kidato cha pili, na nina miezi mitatu tangu niolewe hapa Likoni. Wasomaji wenzangu, nampenda mume wangu! Akiingia uani na kile kikohozi chake cha kunijulisha kuwa amefika, moyo wangu huruka kama siku ya kwanza. Ana duka la vitambaa, na kabla ya harusi alinunua motokaa mpya ya rangi ya maziwa ili mkewe, kwa maneno yake mwenyewe, asipigwe na vumbi la njiani. Furaha hiyo hiyo ndiyo iliyoniponza.

Mume wangu husoma Kiswahili na Kiarabu vizuri sana, lakini Kiingereza hakijui. Siku ya tano ya fungate, tukiwa bado hatujatoka nje, ililetwa barua kutoka kwa wakala aliyemuuzia gari. Akanipa huku akicheka. "Nisomee, karani wangu. Uhuru ukija nitakufanya waziri wa mambo ya Kizungu."

Somo yangu, yule mama aliyenifunda na kukaa nami siku zote saba, alikuwa pale akinitungia asumini. Akasema, "Usimvimbishe kichwa, bwana harusi. Akikushinda utakuja kunilaumu mimi."

Barua ilisema kwamba magari ya aina ile yametoka kiwandani na swichi mbovu ya taa, na taa zaweza kuzimika ghafla. Gari lirudishwe mara moja, lisiendeshwe gizani, na kwa kuwa swichi mpya zangojewa kwa meli kutoka Uingereza, huenda likakaa huko kwa majuma mengi. Nikaisoma kimya mpaka mwisho. Mnajua desturi yetu: fungate ikiisha, jamaa huwaalika maharusi nyumba kwa nyumba. Nilikuwa nimekwisha kuchagua kanga za kila mwaliko, na binamu zangu wa Kisauni nimewapelekea habari kwamba nitashuka kwenye motokaa mlangoni pao. Nikaikunja ile barua.

"Wanatushukuru kwa kununua gari lao," nikasema, "na wanatutakia maisha mema."

"Wallahi, Wazungu hawa wamejifunza adabu!" akasema mume wangu. Nikaitia barua ndani ya kasha langu la mvunguni mwa kitanda, chini ya kanga. Nikajiambia kwamba mialiko ikiisha nitasema.

Mwaliko wa Kisauni ulikuwa wa raha tupu, lakini tukirudi taa zilipepesa mara mbili. Kesho yake mume wangu akampelekea gari fundi wa mtaani petu, ambaye ni mume wa somo yangu. Nilikuwa nimekaa kiti cha nyuma nilipomsikia akisema, "Bwana, hili si la waya. Hii swichi yenyewe imekuja hivi. Waandikie waliokuuzia."

"Wametuandikia kutushukuru, fundi! Mke wangu alinisomea."

Fundi akanitazama kidogo, nami nikatazama viatu vyangu. Akafungafunga nyaya. "Basi itakufikisha, lakini usiitegemee sana."

Juma lililofuata tulialikwa Changamwe. Tulivuka feri kurudi kwetu baada ya magharibi, mume wangu akiniimbia, mkono wangu begani mwake. Karibu na Bofu taa zikazimika zote mbili. Nilisikia kengele ya baiskeli, halafu kishindo. Alikuwa mzee mmoja amepakia makuti. Alivunjika mguu, na mpaka leo yuko hospitali. Mume wangu alimbeba mikononi huku akilia. Mimi nilisimama kando ya njia na viatu vyangu vya mialiko, na hata wakati ule sikusema.

Asubuhi mume wangu alimwendea fundi, akamkemea mbele ya watu. "Umeniharibia taa, umenivunjia mtu!" Fundi hakujitetea. Kwa kuwa aliambiwa waliouza gari wameandika shukrani tu, anaamini kweli kwamba swichi haikuwa na kosa, na kwamba ni yeye aliyekosea kufunga waya. Sasa wenye magari hawamwendei tena.

Tena juzi, wasomaji wangu, somo yangu alikuja kwangu. Mama yule aliyenifunda nisimfiche mume wangu jambo alikaa chini sakafuni, mimi nimekaa kitandani, akanishika magoti. "Mwanangu, mwombee mume wangu radhi kwa bwanako. Mkono wake ulikosea, si moyo wake." Nikamwambia, "Inuka, mama, yamekwisha." Nilipokea radhi yake! Barua ilikuwa chini ya kitanda kile kile.

Nimemwandikia wakala kwa siri. Amejibu kwamba swichi hazijafika, tungoje zamu yetu. Gari limelala uani, na mume wangu amesema kwamba siku mzee atakapotoka hospitali, wazee wa mtaa watakaa kikao, naye atamtaka fundi akiri kosa lake mbele yao. Mzee ameanza kusimama kwa magongo.

Kila nikifungua kinywa nimwambie, mume wangu huniita karani wangu, nami hunyamaza. Naogopa kwamba nikimwambia hataniletea barua tena, wala hataniamini nikimwambia nampenda, na hilo ndilo la kweli kuliko yote niliyopata kumwambia.

Bwana Mhariri, ficha jina langu, lakini habari ya taa usiibadilishe. Kila Jumamosi, tukimaliza chai ya jioni, mume wangu hunisomea ukurasa huu kwa sauti, neno kwa neno, bila kuruka hata moja. Yeye husoma kama ilivyoandikwa. Dada zangu na mama zangu, nifanye nini? Nimwambie mwenyewe kabla gazeti hili halijavuka feri, au nikae kando yake nimsikilize akisoma?