Mwanamke anayezitafutia pikipiki kongwe vyuma vyake

Saa kumi na mbili asubuhi, Mlima Meru bado umejifunika ukungu, na Evaresta Shirima amechuchumaa juu ya rundo la vyuma chakavu katika eneo la Unga Limited, jijini Arusha. Mkononi ana kipande cha chaki. Anakipaka juu ya chuma chenye kutu, anafuta kwa kidole gumba, kisha anakisogeza chuma kwenye mwanga. Namba zilizozama zinabaki nyeupe.

Anazisoma kimyakimya, midomo ikicheza. Sizo. Anakirudisha chuma mahali pake, taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto.

"Mama Agnela, vyuma vyangu unavipapasa kama unatafuta chawa!" anasema Kauthar, mwenye eneo hilo, akiwa kando ya mizani. "Lori likifika mimi napakia. Nikikukuta humo nakupima na wewe."

"Ukinipima utapata hasara. Sina kilo," anajibu Evaresta bila kuinua kichwa.

Lori hufika saa mbili. Vyuma vinavyopanda humo huenda kuyeyushwa, na kati yake huwamo vipande ambavyo mtu fulani, mahali fulani, amevitafuta kwa miaka. Evaresta, mwenye umri wa miaka 38, anaishi kwa kuviwahi.

Kazi yake ni kutafuta spea za pikipiki za zamani, hasa za Kiingereza zilizokuwa zikitumika kwenye mashamba ya kahawa. Mwezi mzuri humwachia shilingi laki tatu. Mwezi mbaya huuza nati zilizooshwa, na hapati zaidi ya elfu sabini.

Kwenye nati ndiko alikoanzia. Akiwa msichana, fundi mmoja karibu na soko la Kilombero alimpa kazi ya kuosha nati kwa dizeli na kuzitenga, za inchi kopo lake, za milimita kopo lake. Baada ya mwaka mmoja hakuhitaji tena kuzitazama. Vidole vilijua.

"Mafundi wetu hawapendi kushindwa," anasema. "Nati ikikataa, wanailazimisha. Inaingia imepinda, na meno ya ndani yanakwisha. Pikipiki nyingi hazikuuawa na safari. Ziliuawa na nati ya milimita kwenye tundu la inchi."

Huongea kwa sauti ya chini, na akimaliza sentensi hutazama pembeni. Lakini akishika chuma asichokijua, uso hulainika.

"Nikikifumbia macho naona barabara," anasema. "Naona vumbi, na migomba, na mtu amevaa koti refu anapita. Simjui. Halafu najiuliza, huyu alikuwa anakwenda wapi?"

Kwa mwaka mzima sasa, barabara anayoiona inapanda kwenda Olmotonyi.

Huko, kwenye miteremko ya Meru, anaishi Mzee Aminieli Nnko, mwenye miaka 81, aliyekuwa bwana miti. Chini ya banda lake imelala pikipiki aliyoinunua mwaka 1971 kutoka kwa msimamizi wa shamba la kahawa, imefunikwa blanketi. Aliizungukia misitu kwa miaka mingi, hadi silinda ilipopasuka. Silinda ile mbovu iliuzwa zamani pamoja na masufuria.

Mwaka jana alimwita Evaresta. Kabureta ilipatikana Moshi. Nyaya na tairi zikapatikana mjini. Ikabaki silinda peke yake.

Hapo ndipo Evaresta alipokosea.

Kadi ya pikipiki iliandikwa cc 125, naye akaiamini. Namba ya injini yenyewe ilikuwa imefichwa na rangi ya fedha ambayo mzee aliipaka kwa brashi, kwa mkono wake.

"Ningepaswa kuikwangua," anasema Evaresta. "Niliona haya. Mtu mzima ameipaka vizuri vile, na mimi ni nani nije na kisu?"

Aliagiza silinda Nairobi, ikaja kwa basi, shilingi laki mbili na themanini. Mzee akaingia ndani, akatoka na pistoni yake ya zamani aliyoihifadhi kwenye soksi ya sufu. Haikuingia. Tundu lilikuwa milimita 52, pistoni ilikuwa 57. Siku nyingi zilizopita, kabla ya mzee kuinunua, mtu huko shambani alitoa injini ya pikipiki nyingine, kubwa zaidi, akaifunga kwenye fremu ile. Kadi haikuambiwa.

Evaresta alirudisha fedha zote kutoka mfukoni mwake. Mzee Aminieli hakumlaumu. Alimwambia neno moja tu, ambalo halijamtoka.

"Mwanangu, sikio langu moja limeshafunga. Hili la pili nimelitunza kwa ajili ya pikipiki hii. Usichelewe sana."

Mwezi Agosti, Kauthar alimpigia simu. Alikuwa amekwenda kijijini Kikwe kununua vyuma kwa mjane mmoja, Mama Theresia, ambaye marehemu mume wake alikuwa fundi wa shamba. Mama Theresia alikataa kumuuzia boksi moja.

"Anasema limeshawekwa sadaka ya mavuno," Kauthar alimwambia. "Lina kichuma chako kile chenye mapezi, silinda. Ila mimi sijui mapezi ya 52 wala ya 57. Nenda mwenyewe."

Evaresta ni Mkatoliki. Jumapili iliyofuata alisali misa ya kwanza, kisha akafika Kikwe wakati waumini wa Kilutheri wanatoka ibadani na mnada unaanza nje ya kanisa. Asiye na fedha huleta alichonacho, mkungu wa ndizi, mayai au maharage, nacho hunadiwa. Juu ya meza, kati ya mkungu na jogoo aliyefungwa miguu, lilikaa boksi la Mama Theresia.

Mnadishaji alikuwa mzee wa kanisa aitwaye Hans. Aliinua silinda juu.

"Haya, chuma cha kuzuia mlango! Elfu tano! Nani mlango wake unampigia kelele?"

Watu wakacheka. Hakuna aliyenyoosha mkono. Evaresta angesema elfu tano, angeondoka nayo.

Badala yake alisogea mezani, akaomba aishike, akatoa chaki.

"Kosa la Olmotonyi lilikuwa bado linaniuma," anaeleza. "Niliapa sinunui tena bila kupima. Nikasahau kama niko mbele za watu."

Alipaka, akafuta, akasoma. Akaingiza vernia, chombo cha kupimia upana, kwenye tundu, akaisogeza kwenye jua. Milimita hamsini na saba. Alipoinua macho, kanisa zima lilikuwa linamtazama.

"Ndugu zangu, mmemwona huyu dada?" Hans akasema. "Amepima! Mlango gani unapimwa hivyo? Sasa tunaanza elfu ishirini!"

"Mpime na jogoo, naye apande bei!" mtu akapaza sauti kutoka nyuma.

Evaresta alikuwa na elfu sitini na tano. Bei ilizipita upesi. Silinda ikaenda kwa elfu tisini, kwa Derick, msimamizi wa loji moja Usa River.

Kwenye minada hii, anayeshinda huulizwa. Wengi hukirudisha kitu mezani kinadiwe tena, kanisa lipate zaidi.

"Kaka Derick, unakichukua au unakirudisha?" Hans aliuliza.

Evaresta alishika ukingo wa meza.

"Nakichukua," Derick akajibu. "Nakitengenezea taa ya mezani pale baa. Wageni wanapenda sana vitu kama hivi."

Evaresta hakumbuki alivyofika kwenye gari la Derick. Anakumbuka tu kwamba lilikuwa limeshawashwa, na kwamba aligonga kioo, jambo ambalo hakuwa amewahi kulifanya kwa mtu asiyemjua.

"Kaka, samahani. Unataka kizuri au unataka hiki?"

"Tofauti yake nini, dada?"

"Kizuri ninacho. Hiki kuna mzee anakihitaji."

Alimweleza habari ya Olmotonyi, haraka haraka, akitazama tairi. Derick alizima gari.

"Dada, ungesema mapema nisingeshindana na wewe."

"Mapema nilikuwa napima."

Derick alicheka mpaka akaweka kichwa kwenye usukani. Jumatatu alifika kibandani kwa Evaresta akiwa na silinda, akachagua taa ya mbele ya zamani yenye ukingo wa shaba. Taa ile ilikuwa tayari imepata mnunuzi wa laki moja na nusu. Evaresta aliifunga kwenye gazeti na kumkabidhi.

"Sikutaka kuitazama sana," anasema. "Nilimpa upesi."

Siku iliyofuata alipanda Olmotonyi. Safari hii, kabla ya kufungua boksi, alimwomba mzee ruhusa ya kukwangua rangi. Mzee Aminieli alifanya mwenyewe, kwa kisu chake cha kuchongea miti. Evaresta akapaka chaki. Namba ya injini ilitoka, nyeupe, nayo ilikuwa ya cc 150.

Kisha pistoni ikatolewa kwenye soksi. Iliteleza ndani ya silinda bila kulazimishwa, polepole, mpaka chini.

Ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye mibuni, na kuku walikuwa wakichakura chini ya pikipiki.

Sasa kazi iliyobaki ni ndogo. Silinda imekwenda kwa mkereza vyuma kusuguliwa, na gasketi itakatwa kwa mkono. Jumamosi hii mzee atapiga kiki kwa mara ya kwanza baada ya zaidi ya miaka thelathini.

Alipomwalika Evaresta aje, alimwona anasita, akamuuliza kama amechoka na pikipiki.

"Hapana, mzee," Evaresta alimjibu. "Sijawahi kusikia hata moja ya hizi ikilia."

Spea za pikipiki nyingi zimepita mikononi mwake katika miaka yote hii. Wateja huja, hulipa, huondoka. Hakuna aliyewahi kurudi na pikipiki yenyewe ikiunguruma. Kila mlio anaoujua ameutunga kichwani, usiku akiwa amelala, kutoka kwenye uzito wa chuma.

Mzee Aminieli alikipangusa kiti cha pikipiki kwa kiganja.

"Basi utakaa nyuma yangu," alisema. "Tutakwenda mpaka msitu unapoanza. Mbali ya hapo sikuahidi, macho yangu si ya kuaminika."

Evaresta ameshafikiria atakavyokaa. Hatasema chochote njiani, anasema, na macho atayafumba, walau hadi kona ya kwanza.

"Nikiisikia mara moja tu," anasema, "nitajua miaka yote hii nilikuwa natafuta nini."