Fisi Niliyemupa Jina

Nilisoma miaka mbili tu, lakini majina hayanipotei, na njo yaliniponza.

Wakati wa Zaire, tulipokuwa tunaitana sitwayen, ni kusema mwananchi, bwana mumoja alifika Kalemie kutafuta vitabu vya watoto vya kupelekea wachapaji wa Lubumbashi. Alilala kwa Papa Kisimba, mukubwa wa wakristo wa parokia yetu. Bwana akazungukia wamama wa parokia, na mimi akaniambia, "Mama, kila mutu kitabu kimoja. Unataka cha picha ao cha hadithi?"

Kuchora sijui. Nikachagua hadithi ya fisi mwizi, ile niliyokuwa ninalalisha nayo watoto wangu. Mimi nilisimulia, binti yangu Feza akaandika kwa daftari. Kwetu, kila munyama wa hadithi tunamupa jina la jirani, ili watoto wasisahau. Sikufikiri kuondoa hata jina moja. Nilidhani bwana atasoma peke yake kwa biro, ofisini kwake.

Kumbe siku ya Mungu, kisha misa, akakusanya watoto mbele ya kanisa. "Kitabu ni chao, wachague wenyewe," akasema. Akaanza kusoma kwa sauti: "Fisi Kisimba aliingia pa kuanikia samaki, akaiba ndagala za mujane..."

Watoto wakaanguka kwa kicheko. Papa Kisimba alikuwa amesimama pale pale, amemushikia bwana mufuko. Nikajificha nyuma ya Feza, mimi na mwili huu wote.

Bwana akafunga daftari. "Mama, jina hili umelitoa wapi?"

Papa Kisimba akajibu pa nafasi yangu:

"Ni langu. Lakini zile ndagala nilirudisha, Mama Feza. Andika na hiyo."