Barua ya Uhamisho Niliyoizuia

Juzi nimeletewa habari kwamba daktari niliyefanya naye kazi Mtwara amefariki dunia kwao, kwa maradhi ya moyo. Wasomaji wangu mniwie radhi. Leo siwezi kuandika jambo jingine, na hili nimeogopa kulisema tangu vita vya Wareno na wapigania uhuru wa Msumbiji vilipokuwa vikipiganwa ng'ambo ya mto Ruvuma.

Yeye alikuwa daktari wa serikali, mimi karani wa hospitali. Asubuhi moja tulikwenda kijiji cha Kitaya, karibu na mto, kwa mama aliyeshindwa kujifungua. Tukiwa zahanati, ndege ya Wareno ikapita chini sana. Watu wakakimbilia kwenye mihogo, nami nikakimbia nao. Nimelala kifudifudi, nikasikia ndege inageuka, na kutoka ndani sauti ya daktari: "Sukuma, mama. Nipo." Ndege ikaenda zake. Tuliporudi, kichanga kilikuwa kinalia na daktari ameketi sakafuni, shati limelowa jasho.

Wanakijiji walimsifu sana. Garini, tulipopita Mahurunga, akaniambia, "Bwana Karani, sikubaki kwa ushujaa. Miguu ilikataa. Siku hizi nikisikia gari la majeruhi linatoka huku mtoni, natapika kwanza ndipo naingia kazini. Ipo siku mkono utatetemeka, nitaua mtu."

Kesho yake akanipa barua ya kuomba uhamisho. Nikaipiga chapa, akatia sahihi, nami nikaifungia kwenye droo ya meza yangu. Mke wangu alikuwa na mimba ya miezi saba, na ile ya kwanza ilikuwa imeharibika. Nilijiambia nitaituma akishajifungua.

"Majibu bado?" akawa ananiuliza.

"Bado, Daktari. Wakubwa wana shughuli nyingi."

Alimzalisha mke wangu salama. Nilimwona akinawa, vidole vikitetemeka hata sabuni ikamponyoka, na badala ya kumhurumia nikaingiwa na hofu mpya: akiondoka, nani atamtibu binti yangu? Barua ikakaa pale mwaka mzima, mpaka daktari alipoanguka wodini akabebwa kwa machela. Hakurudi tena kazini, wala sikupata ujasiri wa kumwambia.

Tunawalaumu madaktari wa serikali kwamba hawana moyo wa kazi. Huyu alikuwa nao, tukautumia mpaka ukaisha. Daktari akikwambia amechoka, anakueleza ugonjwa wake. Msikilize kama unavyotaka akusikilize wewe, na umwache akapumzike, hata kama unaogopa kubaki bila yeye kama nilivyoogopa mimi.